Hisa za Miaka Mingi katika Mji wa Viwanja

Dodoma mtu akisema "nimewekeza", swali linalofuata ni wapi: Nzuguni, Iyumbu au Ihumwa? Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, kiwanja ndiyo akiba na ndiyo pensheni. Ndiyo maana jirani yangu, mwalimu mstaafu, akitaja hisa zake 1,000 za Benki ya CRDB alizonunua mwaka 2009 kwa Sh 150 kila moja, vijana wa kijiweni humtazama kama mtu aliyeuziwa hewa.

Hesabu yake hii hapa. Kwa mwaka 2023 benki ilitoa gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa, la Sh 50 kwa hisa. Toa kodi ya zuio, inayokatwa kabla gawio halijamfikia, ya asilimia 5, mzee akabaki na Sh 47,500. Hiyo ni karibu theluthi ya Sh 150,000 alizotoa mfukoni, na hisa bado anazo. Anayeshikilia kampuni nzuri hulipwa gawio la leo kwa mtaji wa zamani. Kiwanja hakikupi hivyo. Chenyewe kinakudai kodi ya ardhi kila mwaka.

Sasa msikilize shemeji yake, naye mwanahisa. Mwaka 2015 benki ilipowauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa Sh 350, aliongeza. Miaka michache baadaye mabenki yakabanwa na mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, na bei ikateremka chini ya Sh 100. Shemeji alikuwa na uzio wa kumalizia, akauza. Baadaye bei ikapanda tena na kupita ile 350. Wote wawili walichagua kampuni ileile, kwa hiyo tatizo halikuwa kampuni. Shemeji alinunua ghali, tena kwa fedha iliyokuwa na kazi nyingine.

Mashabiki wa hisa watasema alikosa subira. Mimi nasita kumhukumu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni zake bado ni za kuhesabika. Kwa baadhi ya hisa unaweka oda kwa dalali na kungoja mnunuzi ajitokeze. Subira nyingine huku kwetu ni kukosa mlango wa kutokea tu. Halafu kulikuwa na njia tulivu zaidi: kabla ya riba kupunguzwa mwaka 2022, hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, ililipa asilimia 15.49 kwa mwaka, na riba hiyo haikatwi kodi. Aliyeingia huko hakuhitaji kusoma hesabu za kampuni yoyote.

Hata hilo neno "nzuri" tunaloipa kampuni huzeeka. Precision Air iliuza hisa kwa umma mwaka 2011 kwa Sh 475. Ilikuwa na jina, ndege na abiria. Hasara zikafuatana mwaka baada ya mwaka, na mwanahisa aliyetulia akisubiri gawio alitulia na hasara.

Hata hivyo nawageukia pia wenzangu wa viwanja. Tunajisifu kwamba tumeshika ardhi miaka kumi bila kuyumba, ila hakuna anayetutumia bei ya kiwanja cha Iyumbu kila jioni kwenye simu. Angekuwepo, wengi tungeshauza mara tatu.

Mwalimu naye siku hizi ana kanuni: akipata ripoti ya mwaka hukimbilia ukurasa wa mikopo chechefu, na ikipanda miaka miwili mfululizo atauza, hata gawio liwe nono vipi. Nikamuuliza, je, kwa kanuni hiyo si angeuza kipindi kile kile alichouza shemeji? Akacheka, akavuta kikombe chake cha kahawa. "Wakati ule," akasema, "nilikuwa sisomi."