Wakhampa walishaingia vitani kabla ya CIA

Ukianza tu stori ya Watibeti waliopigana na China, lazima jamaa mmoja aseme "wale si walikuwa vibaraka wa CIA", wale majasusi wa Marekani, basi, mjadala umeisha. Kwamba CIA walikuwepo siyo siri, nyaraka zao zilitoka 1998. Shida watu wanaianza hadithi katikati.

Anzia 1956, Kham, mashariki ya Tibet, kwa Wakhampa, watu wa ng'ombe na misafara ya biashara na bunduki kila nyumba. Beijing wakaleta mageuzi ya ardhi, wakataka silaha zisalimishwe, wakagusa na monasteri, nyumba za watawa wa Kibuddha. Watu wakagoma, ndege zikaipiga mabomu monasteri ya Lithang. Wakati huo CIA hawajamfundisha Mtibeti hata mmoja! Sita wa kwanza walipelekwa kisiwa cha Saipan, Pasifiki, 1957, na Gonpo Tashi aliyeunda jeshi la Chushi Gangdruk Juni 1958 alikuwa mfanyabiashara wa Lithang, tajiri tu, akaingiza hela zake mwenyewe.

Wanaopinga nao wana hoja, tusijifanye. Utawala wa zamani wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, na wakulima waliofungwa kwenye ardhi za mabwana na monasteri, mimi siutetei. Marekani nao uhuru wa Tibet haukuwa ajenda yao, walitaka kumsumbua Mao, kiongozi wa China, na Dalai Lama mwenyewe, kiongozi wa kiroho wa Watibeti, ameshaliandika hilo. Bunduki za mwanzo walizodondosha zilikuwa za Kiingereza, za kizamani, ili wakiulizwa waseme siyo zetu. Vijana 49 walirushwa kwa parachuti ndani ya Tibet wakapona 12 tu. Na Beijing wakapata neno la kusema mpaka leo: ni njama ya mabeberu.

Sawa. Ila hebu tuangalie hela, maana mimi ndo huwa nakwama hapo. Bajeti ya CIA ya Tibet kwa 1964 ilikuwa dola 1,735,000. Kati ya hizo, kuwahudumia wapiganaji 2,100 waliokuwa Nepal ni dola 500,000. Gawanya mwenyewe, ni kama dola 238 kwa mtu kwa mwaka mzima, senti 65 kwa siku, mlimani, kwenye baridi ya Mustang, huko huko Nepal, ambako msimu wa kwanza watu walichemsha ngozi za viatu wakala. Kambi ya mafunzo ya Colorado, Marekani, ilikula 400,000, ndege za siri za kuwatoa wanafunzi Colorado kuwarudisha India 185,000. Yaani kambi na ndege tu zilizidi jeshi zima! Sasa huyo kibaraka wa senti 65 alinunuliwa na nini? Mtu hachemshi kiatu kwa sababu ya hela ya mzungu, anachemsha kwa sababu kwao kumechukuliwa.

Na ukiuliza nani alimtumia nani, Oktoba 1961 wapiganaji wa Tibet walivamia gari la jeshi la China wakapata begi la nyaraka, kurasa zaidi ya 1,500, zimejaa habari za njaa na manung'uniko ya askari. Washington walishangilia sana. Tibet ilipata nini kwenye lile begi? Hakuna.

Kwa hiyo ukitaka kuwalaumu Marekani walaumu kwa hili, walikuta moto unawaka, wakamwagia mafuta kidogo kidogo, usizimike wala usishinde. 1969 wakawaambia msaada unakatwa, 1972 Nixon yuko Beijing anapeana mikono na Mao.

1974 Nepal wakaja kuwanyang'anya silaha. Dalai Lama akatuma ujumbe kwenye kaseti, ukachezwa kambi moja hadi nyingine, wekeni silaha chini. Sauti ile ungeibishia vipi? Wengine walisalimisha bunduki halafu wakajiua. Kamanda Wangdu, mmoja wa wale sita wa Saipan, alitoroka na wachache kuelekea India, akauawa karibu na mpaka, na waliompiga siyo Wachina, ni askari wa Nepal.