Siku Punda Alipokula Ziwa Langu

Kwanza nieleze ziwa lenyewe, maana silo nililozaliwa nalo. Lile lilikatwa kwa saratani likabaki hospitali, pamoja na tezi za kwapani, na sikuuliza walilipeleka wapi. Nilirudi Lamu bega limeinama upande mmoja, kwani kiwiliwili kilichozoea mizigo miwili kikibakiwa na mmoja huenda mrama. Ziwa la bandia la silikoni nililiona, nikaiona na bei yake, nikalirudisha kwenye boksi kwa adabu. Shoga yangu, mshonaji wa kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, akanishonea la pamba na kulijaza mtama. Mtama una uzito wa kutosha, haukupikii jasho, na ukiinua mkono haukupandi shingoni. Sifongo hupanda, nishaijaribu. Na mshono wake! Bwana harusi angeweza kulivaa kichwani.

Sasa mbio. Wazo hilo alilileta mpwa wangu. Siku za kemo, ile tiba ya dawa za saratani, nimelala kichwa kipara na mdomo hauonji hata chumvi, alikuwa akija kunisomea habari kwenye simu. Siku moja akanisomea ya Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia kwa saratani ya mfupa, na mwaka 1980 akakimbia kwa mguu wa bandia kuchangisha pesa za utafiti. Siku 143, kilomita 5,373, karibu marathoni nzima kila siku, mpaka saratani ikamrudia mapafuni ikamsimamisha. Nililia. Nilipomaliza kulia nikapiga hesabu: mwenzangu alikatwa anachokimbilia. Nilichokatwa mimi, sijamsikia mtu akikimbia nacho. Udhuru wangu uko wapi?

Nilipopata nguvu nikatangaza. Ufukwe wa Shela, mwanzo hadi mwisho na kurudi, kama kilomita 24, nikikimbia na nikichoka nikitembea, na kila kilomita mtu aahidi alicho nacho. Pesa ni za nauli za wagonjwa. Gharama ya dawa husemwa kila mahali, lakini nauli haina msemaji. Kemo mara nyingi ni kila baada ya wiki tatu, na kila safari ni boti hadi Mokowe ng'ambo ya bara, kisha basi mpaka Mombasa, wewe na mtu wa kukushika, maana wakati wa kurudi hujijui. Nawajua walioacha matibabu katikati si kwa kukata tamaa, bali kwa kukosa nauli.

Watu waliahidi. Mzee mmoja wa barazani kwetu, mtu wa hesabu kali, alisema, "Shilingi mia kila kilomita. Lakini iwe umeikimbia wewe mwenyewe." Yashikeni maneno hayo.

Wengine walishughulika zaidi na nitakachovaa. Nilivaa dera juu ya suruali, mtandio na raba. Mji haukuanguka.

Tulichagua siku ya bamvua. Bamvua kwetu maji hupwa kama saa nne asubuhi, na mchanga mgumu unabaki wazi. Ukizembea hadi alasiri bahari inakusukuma kwenye mchanga laini unaomeza vifundo. Mkono wangu wa upande ule haubebi mzigo, kwani tezi za kwapani zikishaondolewa, maji ya mwili huweza kukosa njia na mkono ukavimba. Kwa hiyo madumu ya maji, tende na maembe dodo mawili vilipakiwa kwenye shogi la punda wa mpwa wangu. Punda anaitwa Ndege. Alipewa jina hilo akiwa mdogo, watu wakiwa bado na matumaini.

Safari ya kwenda haina kisa. Nilikimbia, nikatembea, nikawaamkia wavuvi, nikafika.

Huko mwisho wa ufukwe hakuna mtu. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka mtama umelowa, nami nikiwaza kuwa mtama wa majimaji ukikaa mahali pa joto huota. Mpwa wangu alikuwa amepanda kilima cha mchanga kutafuta mtandao (vilima hivyo ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya visima vya Shela, lakini vijana huvithamini kwa mtandao). Nikaona ndio wakati. Nikaingiza mkono ndani ya dera, nikalitoa ziwa kwenye sidiria, nikalianika juu ya gogo lililoletwa na maji. Kisha nikaenda kunawa uso baharini.

"Shangazi!" mpwa akaita akiteremka. "Ndege kala kitu chako!"

"Kitu gani?"

"Sijui. Cha mviringo hivi, mfano wa bumunda. Cha kitambaa."

Ndege alikuwa anatafuna kwa utulivu, macho kayafumba nusu. Gogo jeupe.

"Ni mfuko wa mtama," nikasema, na sikusema uongo.

"Mtama wa nini, Shangazi, na sisi tumebeba tende?"

"Wa shughuli zangu."

Kilomita 12 za kurudi zilikuwa mbele yangu, na Shela kulikuwa na watu wananisubiri, na wengine wana simu zenye kamera. Nikamwambia mpwa ageuke aangalie bahari. Nikalichagua lile embe lililokuwa dogo kidogo.

Nawaambia ukweli, kwa mwendo wa kawaida embe dodo halina neno. Kwenye mbio linatafuta njia zake. Kila hatua kumi nililirudisha mahali pake kwa kiwiko, na mpwa akidhani kifua kinaniuma akawa ananiombea dua kwa sauti. Jua likapanda. Embe likapata joto, likaanza kunukia.

Nyumba za Shela zilipoanza kuonekana, ndipo Ndege aliponusa.

Punda huyu hajakimbia tangu azaliwe. Kwenye mashindano ya punda haruhusiwi hata kutazama. Nikasikia madumu yanagongana nyuma yangu, nikageuka, nikaona masikio yamelala na meno yako nje. Nilikimbia. Saratani sikuikimbia hivyo. Pua yake ilikuwa inanisukuma kwapani, mpwa yuko nyuma anapiga mayowe, na mbele yetu wanawake walipoona mgonjwa wa juzi anakuja kwa kasi ile wakapasua vigelegele. Walidhani ni ushujaa.

Nilivuka mstari. Embe halikusimama. Likateremka tumboni, likapita ndani ya dera, likadondoka katikati ya raba zangu mbele ya hadhara, na Ndege akaliokota.

Kimya. Halafu bibi mmoja: "Hongera mwanangu, umejifungua salama!"

Wanawake waliangua kicheko cha kushikana mabega. Mpwa wangu alilitazama embe, akanitazama mimi, akamtazama Ndege. Nikamwona anavyolielewa lile bumunda. Akajifunika uso kwa mtandio wangu.

Siku ile ile alimpeleka Ndege kliniki ya punda, kwa ajili ya kile kitambaa. Aliulizwa mnyama kala nini, akasema mtama. Wa nani? Wa shangazi. Hakuongeza, na Ndege hakupatikana na ubaya wowote. Shoga yangu naye nilipompa habari, swali lake la kwanza lilikuwa kama mshono ulifumuka upesi. Nikamwambia punda aliutafuna kwa taabu. Akaridhika.

Jioni yule mzee akaniita barazani, pesa mkononi.

"Kilomita 24," akasema. "Lakini ile ya mwisho ulikimbia, au ulikimbizwa?"

Nikanyamaza. Akahesabu 2,300 akanipa. Ile mia iliyobaki akamnyooshea mpwa wangu, akisema ni haki ya Ndege.

Nikaidaka hewani. Ndege alikuwa ameshalipwa mara mbili.