Kinyozi wa wembe Lamu: tumtunze au tumwache aende?

Kwa kinyozi wa zamani, bakuli la maji hutangulia wembe. Unakalishwa, unafungwa shuka shingoni, nywele zinalowekwa na kusuguliwa kwa vidole mpaka zilegee, ndipo chuma kinaposhuka kichwani. Humo ndimo ilimotoka methali yetu: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Aliyengoja zamu alianza kulowanisha nywele mapema ili asiumie. Kijana wa leo anaitumia methali hiyo kila wiki, lakini kwa mashine haina kazi tena, maana nywele zikilowa mashine haikati vizuri.

Hapa Lamu mjadala wa kinyozi wa wembe na kinyozi wa mashine hauishi barazani. Wazee wanasema vijana wanatupa kitu wasichokijua thamani. Vijana nao wanajibu kwamba hawawezi kutoa shingo zao kwa wembe uliopita shingo kumi. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona kila upande umeshika jambo la kweli, ila jambo lililo zito zaidi halitajwi sana na yeyote kati yao.

Nianze na wembe, kwa sababu hapo sina shaka. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Wembe uliomkwaruza mtu Jumatatu, ukafutwa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye droo, Ijumaa bado unaweza kuwa na hatari. Damu haihitaji kuonekana. Kipande cha jiwe la shabu anachopitisha kinyozi mzee kwenye mkato ili damu ikauke kinasaidia mkato wenyewe, hakisafishi wembe, na kikipitishwa kwa mteja mmoja baada ya mwingine nacho kinakuwa njia ya kubeba ugonjwa. Kinyozi asiyebadilisha wembe kwa kila kichwa hana utetezi, awe amewanyoa babu zetu au la. Nampenda mzee anayeninyoa, na ni kwa sababu nampenda ndiyo maana nasema hivi.

Tena kuna suala la ndevu. Nywele zetu za kujikunja zikikatwa na wembe karibu sana na ngozi, ncha yake hugeuka ikaingia ndani, na hapo ndipo vinapotoka vile vipele vya shingoni na kidevuni. Mashine huacha unywele mfupi juu ya ngozi, na wengi wenye vipele hupata nafuu wakihamia huko. Huu ni ushindi wa mashine, tuukubali.

Lakini mashine haijisafishi yenyewe. Mpwa wangu alirudi na mapunye kutoka duka jipya lenye taa za rangi na vioo pande zote. Meno ya mashine yalikuwa yamejaa nywele za waliomtangulia, na hakuna aliyeyapiga brashi wala kuyapitishia spiriti. Mama yake hakushuku kitu, kwa kuwa duka lilikuwa linang'aa. Kwa hiyo swali la usafi linamhusu aliyeshika chombo, wa zamani au wa sasa.

Upande wa mzee una hoja moja ambayo sijaona ikijibiwa: akika. Siku ya saba mtoto anachinjiwa, ananyolewa nywele alizozaliwa nazo, na wenye uwezo hutoa sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele hizo. Sasa fikiria kichwa cha siku saba. Utosi bado haujafunga, unaona unapwita chini ya ngozi. Mtoto analia, anatikisa kichwa, nyanya amemshika, chumba kimejaa watu. Mzee anachovya vidole, analowesha, anakishika kichwa kwa kiganja cha kushoto kama anayeshika yai, na wembe unapita kwa pumzi. Akifika utosini mkono unakuwa mwepesi zaidi. Nimeshuhudia mara kadhaa, na kila mara nilijikuta nimeshikilia pumzi yangu. Mkono ule haupatikani kwa wiki mbili za kujifunza. Mzee akiondoka bila mwanafunzi, unakwenda naye.

Halafu kuna mitindo. Wazee wengi huwakemea vijana kwa fedi, pembeni kumenyolewa na juu kumeachwa, wakikumbusha kwamba Mtume alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Ni makemeo ya haki kwa anayeyaamini. Ila Waswahili tulikuwa na denge, nywele zikiachwa utosini na kuondolewa kandokando, na neno lenyewe limo kwenye kamusi zetu. Hatuwezi kuwaambia vijana kwamba tamaa ya kujipamba kichwa imeletwa na runinga. Tulikuwa nayo.

Kiuchumi mzee yuko pabaya. Mji wa Kale uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na ulinzi ule umesaidia nyumba za mawe na milango ya nakshi. Kazi za mikono zilizo ndani ya nyumba hizo ni jambo lingine. Duka dogo linalotazama Usita wa Mui, njia kuu ya mji, linaweza kumwingizia mwenye nyumba pesa zaidi likiuza vinyago kwa wageni kuliko likimweka mtu wa bakuli na kioo. Mgeni atasimama mlangoni, apige picha ya mzee na kiti chake cha chuma, aende zake. Picha hailipi kodi. Kijana wa mashine, kwa upande wake, amejipatia riziki katika mji ambao ajira ni chache, na sioni kwa nini alaumiwe kwa hilo.

Sasa lile jambo zito. Watu husema duka jipya halina mazungumzo. Si kweli, nendeni usiku wa mechi mkasikie. Kilichobadilika ni nani anayekaa na nani. Katika duka la mzee, baraza la nje ndilo chumba cha kungojea, na zamu haitazami umri. Mvulana wa miaka kumi hukaa kati ya nahodha aliyestaafu na mwalimu wa chuo, akisikia habari za pepo za baharini na mirathi na nani alimkosea nani, bila kuruhusiwa kudakia. Alichoka, ndiyo, na si maneno yote yaliyomfaa. Wanawake hawakuwamo kabisa. Lakini alijua wazee wanavyofikiri, na wazee walimjua kwa jina la baba yake. Leo kila rika lina duka lake. Tukimwokoa mzee kwa ajili ya picha za watalii, tutabaki na kiti na kioo, na baraza litakuwa tupu.

Ningeomba vitu vidogo tu. Mzee atumie kishikio cha wembe wa kutupa na aufungue mbele ya mteja. Vijana wenye mashine wamfuate kwenye akika, wasimame karibu, wautazame ule mkono.

Mtaa wa Langoni kuna duka moja lililokwisha kuanza, bila kuambiwa na mtu. Babu amekaa upande wa bakuli, mjukuu upande wa mashine, baraza ni moja. Mkesha wa Idi uliopita nilikuwa wa nne kwenye foleni, usiku, watoto wamesinzia mapajani mwa baba zao. Stima ikakatika. Chini ya mashine alikuwepo kijana aliyenyolewa nusu ya kichwa. Tulingoja kidogo, haikurudi. Mjukuu akamshika mkono, akamvusha upande wa pili, mtu akaleta taa. Mzee akachukua wembe mpya, akaufungua karatasi, kisha akachovya vidole kwenye maji.