Mwimbie mwanao R&B, lakini kwa koo lako

Kuna mfululizo wa albamu za Marekani uitwao Rockabye Baby!, ulioanza 2006, unaochukua nyimbo za wasanii wakubwa na kuzigeuza nyimbo za kubembelezea watoto. Beyoncé yumo, Prince yumo. Sauti ya mwimbaji inaondolewa, midundo inalainishwa, na wimbo unabaki kwenye vyombo vinavyolia kama vikengele. Siku hizi na hapa Mtwara utamkuta mzazi ameweka simu kando ya chandarua, YouTube inalia vikengele hivyo, mtoto amelala chali anatazama juu.

Mimi naipenda sana R&B, muziki wa Wamarekani weusi unaoimbwa kwa hisia, na kwa sababu hiyo naona tunampunja mtoto.

R&B ni sauti ya mtu. Ni namna mwimbaji anavyolivuta neno moja, akalipandisha, akalivunja katikati, akashusha pumzi mpaka unaisikia. Mwimbaji wetu Ben Pol akiimba taratibu, hata ukizima ala zote bado wimbo upo. Vikengele vinatupa melodi tu, na melodi peke yake haijawahi kumliza mtu wala kumtuliza kama sauti inavyofanya.

Mtoto naye anaitafuta sauti. Mwaka 1980 watafiti Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba vichanga wenye siku chache tu hubadilisha namna ya kunyonya chuchu ya bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya ya mwanamke mwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, Kanada, wakaona kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9 walitulia kama dakika 9 wakisikiliza mtu akiimba, lakini waliposikiliza maneno ya kawaida walitulia kama dakika 4 tu. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kituruki, lugha ambayo watoto wale hawakuizoea. Ni kweli ulikuwa umerekodiwa, kwa hiyo siwezi kusema simu haifai kabisa. Lakini ndani yake kulikuwa na mtu anaimba.

Halafu kuna mwendo. Nyimbo nyingi za taratibu za Otis Redding, mwimbaji wa Marekani, zile za miaka ya 1960, zinatembea kwa mapigo ya tatu-tatu. Mfunge mtoto mgongoni kwa kanga, anza kuyumba, utaona mwili wako unaingia wenyewe kwenye mwendo huo. Hapo huhitaji watengenezaji wa Rockabye Baby! kule Los Angeles wakupunguzie kasi.

Bibi zetu wa Mikindani na Lindi watauliza: nyimbo za mapenzi kwa kichanga? Shikamoo zao, swali ni la haki. Ila nyimbo za kubembeleza nilizozisikia kwao zimejaa safari, njaa na mume asiyerudi, na tulilala. Kama neno ni zito mno, toa jina la mpenzi, weka jina la mwanao. Huyo ndiye unayempenda saa nane ya usiku, joto la Novemba limebana na hakuna upepo wa bahari.

Na akina baba, tafadhali, msiwaachie kina mama kazi hii. Sauti nzito ya chini, kifua kwenye kifua, mtoto anaisikia kwa masikio na kwa mwili wote. Ukikosa ala, imba bila ala. Ukisahau ubeti, rudia kiitikio mpaka alale.