Kwangu chai inachemkia chumbani

Jamani msinicheke, lakini ukija kwangu Kisauni ukaambiwa "kaa, chai yaja", utasikia birika la stima linanguruma huko chumbani kwetu, karibu na mto wa mamake watoto, na mgeni wa kwanza kulisikia aliuliza kama tumeweka jenereta. Sababu ni jiko. Na jiko nilipanga mimi, mimi ambae chakula pekee najua kupika ni mayai na hayo pia hushika chini.

Nilibana pesa miezi, nikanunua jiko la gesi la kisasa, macho manne, lile la kutoboa kaunta likalala ndani, glasi nyeusi unajiona uso. Mke wangu alikuwa ameenda kwao Likoni, nikasema ngoja nimfanyie sapraizi. Fundi akapima kwa shubiri, wallahi kwa shubiri, akasema bosi hapa chini ya dirisha ndo poa, moshi utajitoa wenyewe. Na kwa vile kile kibonyezo cha cheche chataka stima, soketi akaigonga ukutani juu ya jiko sawasawa, ati waya usihangaike. Kijitabu kilichokuja na jiko akakiweka chini ya goti asiumie na sakafu. Na mimi hapo nimesimama na soda natingisha kichwa kama injinia.

Mke akarudi, akaangalia, kimya. Akatia mafuta kwa karai akaanza viazi, alafu akaniambia, "Baba watoto, hebu nichajie simu."

Basi kuifikia ile swichi lazima mkono upite juu ya karai, na viazi vyenyewe vinarusha mafuta kama vina kisasi na mimi. Nywele za mkono ziliishia hapo. Waya wa chaja nao ukaning'inia, ukagusa ukingo wa karai, ukawa laini kama tambi za futari.

Kaskazi ilipoanza kuvuma ndo nikajua dirisha ni balaa jingine, pazia lapepea kuja motoni (sasa tuna nusu pazia) na lile jicho dogo hujizimia bila habari huku gesi yaendelea kutoka. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi dirishani, yatambaa sakafuni, na sakafuni pale kando ya mtungi fundi kaweka nini? Soketi ya friji. Friji yenyewe yajiwasha na kujizima ikitaka. Mimi napita pale kwa kunyata.

Nikakitafuta kijitabu, alama ya goti bado iko. Chataka soketi iwe pembeni isiwe juu ya moto, kaunta iwe na nafasi pande zote mbili, na juu ya jiko wazi sentimita 75. Kwangu upande mmoja ni ukuta, mpini wa kikaango haugeuki, na kabati la vyombo we acha tu.

Fundi wa pili akasema soketi tuisogeze upande wa sinki, kisha akajikuna, ati na sinki pia iwe mbali angalau sentimita 30. Kati ya sinki na jiko nina 40! Hiyo soketi niivalishe koti la mvua ama la zimamoto?

Nikavuta ekstenshen kutoka sebuleni. Plagi moja ya ampea 13, kwa stima ya volti 240 mwisho wake ni wati 3,120, na birika peke yake lavuta 2,200. Ijumaa moja birika liko moto, blenda yasaga nazi, shemeji katia pasi anyooshe kanzu, plagi ikageuka rangi ya mahamri na harufu juu. Hapo ndo birika likahamia chumbani kwenye soketi yake peke yake.

Fundi wa kwanza nampigia kila siku, ati "bosi niko Mtwapa, kesho asubuhi na mapema", kesho hiyo yaingia wiki ya tatu. Na Jumamosi mama mkwe anakuja. Nimemuuliza mke wangu tutamwambiaje akiniona natoka chumbani na chai, akanijibu, "Tutamwambiaje mimi na nani? Ilikuwa sapraizi yako."