Hita ya Lita 23 Imenifanya Fundi kwa Nguvu

Hivi nani alitudanganya sisi Waswahili wa Ohio kwamba raha ya Marekani ni kumiliki arivii? Mimi ninayo. Basi lenye vitanda, jiko, choo na matatizo. Mama mkwe aliponiona kwenye simu nimekaa humo ndani, alimuuliza binti yake kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika mpaka kwa jirani: "Kwani nyumba mmefukuzwa?"

Tuliuziwa na mzee mmoja aliyeapa kwamba kabla ya baridi kuingia alimwaga maji yote. Kweli, ya jikoni alimwaga. Ya chooni alimwaga. Ya kwenye hita ya maji ya kuoga akayaacha yapumzike. Sasa maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi, na tanki halijui kulegeza mkanda. Lilipasuka kimya kimya mwezi wa kwanza, likanisubiri hadi mwezi wa sita watoto wameshavaa kaptula za safari, ndipo likaanza kukojoa chini ya kitanda. Upande wangu. Upande wa mama Nuru mkavu, unaweza kuanika dagaa.

Tanga hapo unampigia fundi. Atachelewa, sawa. Atakuja na spana moja na kijana wa kumshikia hiyo spana, atasikitika kwanza, "Duh, bosi, hii nani alikufungia?", ataomba na nauli. Lakini jioni unaoga. Huku fundi wa arivii anaanza kuhesabu saa tangu anapowasha gari kwake. Niliuliza bei, nikaaga kwa adabu. Hita yenyewe tu, ya galoni 6, zaidi ya dola 600. Galoni 6 ni lita 23. Yaani ndoo moja na kopo la kuisindikiza!

Basi nikawa fundi. Kwa nje unaona kimlango kidogo ubavuni mwa gari, unasema hii ni kazi ya kabla ya chai. Fungua sasa. Bomba la gesi. Nyaya za betri, volti 12. Nyaya za umeme wa nyumbani, volti 120. Maji baridi, maji moto, na huko nyuma gizani vali tatu za kuyapitisha maji pembeni msimu wa baridi. Aliyezipanga hizo vali hakuwa na kitambi, na hakuwapenda wenye nacho. Nimelala kifudifudi, kichwa chini ya kitanda, miguu jikoni, mama Nuru anapita juu yangu na sufuria la ugali: "Baba Nuru, umefika wapi?" Nifike wapi, mama, na mkono umenasa?

Halafu kuna kile kijiti cha magnesi kinachokaa ndani ya tanki la chuma. Kazi yake ni moja: kuliwa na kutu ili tanki lisiliwe. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo, na kwetu tarehe ya mshahara wote wananikumbuka. Kukifungua kunataka spana ya soketi ya inchi 1 na 1/16. Si inchi moja. Si moja na robo. Watu hawa milimita wamezikataa, na inchi nazo hawataki kuzitumia zikiwa nzima!

Nikafunga hita mpya. Nikaziba kingo za mvua kwa gundi ya utepe, inayoshika kila kitu, nywele zangu zikiwemo. Nikapaka povu la sabuni ya vyombo kwenye maungio ya gesi, maana likitoa mapovu ujue inavuja. Likatulia. Tanki likajaa kwanza ndipo nikawasha, kwa sababu ukiwasha umeme likiwa tupu koili inakufa papo hapo. Maji yakatoka ya moto. Nikajipongeza mwenyewe, hakuna mwingine aliyejitokeza.

Tukaenda kambini milimani, Tennessee, maji ya kisima. Baada ya siku chache Nuru anafungua bomba la moto: "Baba, kunanuka mayai viza."

Gesi ya propeni yenyewe haina harufu. Wanaitia harufu ya kuoza makusudi, ili mtu mwenye akili akimbie. Nikakimbia. Watoto nje, blanketi nje, mama Nuru nje na taulo na povu masikioni, mtungi nimeufunga. King'ora cha gesi, ambacho hukaa karibu na sakafu kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kimya kama hakijalipwa.

Akaja mzee wa gari la jirani na kikombe cha kahawa. Akaingia, akanusa bomba la baridi, akanusa la moto, akatoka anacheka. Si gesi. Ni vijidudu vya maji ya kisima, vikikutana na magnesi vinatoa hiyo harufu. Osha tanki kwa klorini, weka kijiti cha alumini chenye zinki, kazi ndogo sana. "Soketi si unayo?"

Nikamgeukia mama Nuru. Yeye ndiye aliyesema soketi irudishwe dukani, kitu gani hicho cha kutumia mara moja, hela ikanunue kuku. Na tukamla.

Akakaza taulo, akaingia ndani, akabandika sufuria la maji ya kuoga. La kwake peke yake.