Nani Alikuruhusu?

Mapema 2021, wakati wa UVIKO-19, katika hospitali moja ya Mkoa wa Tanga nilikokuwa nikifanya kazi ya unesi, nilimgeuza mgonjwa kifudifudi saa nane usiku bila amri ya daktari. Alikuwa baba wa makamo, fundi wa mashua, macho yamemtoka kwa kutafuta pumzi. Kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu, kilisoma asilimia 84. Barakoa yake ya oksijeni, ile yenye mfuko, ilikuwa imefunguliwa lita 15 kwa dakika, na saa ya mtungi haikuwa na alama nyingine juu ya hapo. Nilimpigia daktari wa zamu mara tatu. Simu iliita mpaka ikakata. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa wodi nyingine, amevaa gauni la kujikinga na glavu mbili mbili, simu iko mfukoni chini ya vyote hivyo.

Nikamwinamia mgonjwa nikamwambia, "Baba, tujaribu kulalia tumbo, mimi nimekushika." Mhudumu wa wodi akanisaidia. Mto mmoja tukauweka chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga, kichwa tukakilaza ubavu. Robo saa baadaye kipimo kilisoma 91.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, daktari alifungua faili, akasoma nilichoandika, akaniuliza mbele ya wenzangu: "Sista, nani alikuruhusu?"

Swali hilo lilinichoma, na bado nalifikiria. Lakini sikubaliani na wenzangu wanaosema lilikuwa dharau tupu. Lina hoja ndani yake, kuhusu muuguzi kuamua bila kumsubiri daktari, na hoja hiyo inastahili kusikilizwa kabla ya kujibiwa.

Kwanza tukumbuke siku zile zilivyokuwa. Takwimu za taifa za UVIKO-19 zilikuwa hazitolewi tangu Mei 2020. Ugonjwa wenyewe watu waliuita "changamoto ya upumuaji", wakiwamo baadhi yetu wodini. Chanjo ilikuja kuanza kutolewa nchini mwishoni mwa Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa wa kwanza kuchanjwa. Kabla ya hapo tulikuwa na mitungi, barakoa na mikono yetu. Ndugu wa wagonjwa walikaa nje chini ya mwembe, na aliyetoka kuwapa habari, mara nyingi, alikuwa nesi.

Sasa upande wa daktari. Yeye anabeba picha nzima ya mgonjwa: moyo, figo, sukari, dawa alizoanza jana na zile anazokusudia kuanza kesho. Namba moja inaweza kupanda huku mtu mwenyewe anachoka. Mgonjwa aliyegeuzwa anaweza kushuka presha. Mwenye bomba la hewa kooni linaweza kumchomoka wakati wa kugeuzwa, na hapo dakika mbili ni nyingi. Kila mtu akibadilisha jambo kwa kuona kwake, asubuhi hakuna anayejua kipi kimemsaidia mgonjwa na kipi kimemwumiza.

Wanaodhani uzoefu wa kazini unatosha waitazame Muheza, mwendo mfupi tu kutoka Tanga mjini. Hospitali Teule ya pale ilishiriki jaribio kubwa lililochapishwa 2011, la watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika na homa kali huku damu haizunguki vizuri mwilini. Sote tulifundishwa kwamba mtoto wa hali hiyo atundikiwe dripu ya kasi. Madaktari waliamini hivyo, manesi waliamini hivyo, na kwa macho mtoto alionekana kupata nafuu. Walipohesabu baada ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa dripu ya kasi walikuwa wamekufa kati ya 10 na 11. Kwa wale ambao hawakupewa walikufa 7. Mimi mwenyewe nimeitundika dripu hiyo mara nyingi kabla ya 2011, kwa moyo safi kabisa. Kwa hiyo daktari anaponiambia nisijiamini kupita kiasi, namwelewa vizuri sana.

Na kuna jingine ambalo sisi manesi hatupendi kulisema. Wimbi lilipopanda, wodi ya mahututi ilijazwa wauguzi walioazimwa kutoka wodi ya wazazi, kliniki ya watoto na wagonjwa wa nje. Wengine hawakuwahi kuigusa mashine ya kupumulia. Walikuwa mashujaa, nasema hivyo kwa dhati, lakini ushujaa hauwezi kumfundisha mtu kusoma kengele za mashine. Ukisema "wauguzi wapewe mamlaka" bila kusema wauguzi gani, wamefunzwa nini na nani aliwapima, umempa mzigo mtu asiye na mahali pa kuushika.

Hata hivyo, nikizipanga hoja zote hizo, hazinifikishi kwenye kumsubiri daktari.

Chukua oksijeni peke yake. Mtungi mkubwa wenye lita 6,800, ukifunguliwa lita 15 kwa dakika, hautimizi saa nane. Ukiushusha hadi lita 10 unafika saa 11 na zaidi kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulisema mgonjwa mwenye dalili za hatari afikishwe 94, na akishatulia inatosha abaki 90 au zaidi. Basi fikiria vitanda sita, mitungi iliyobaki stoo inahesabika kwa vidole, na mgonjwa mmoja amepanda hadi 98 huku bado anavuta lita 15. Anayemwona ni nani? Ni muuguzi anayepita kitanda kwa kitanda usiku kucha. Akingoja amri ya kushusha, oksijeni inayopotea ni ya mgonjwa wa kitanda cha tatu, ambaye hakuna mtu amemwombea. Watu wakizungumzia uhuru wa muuguzi hufikiria kuongeza dawa au kufanya jambo la ujasiri. Kwangu mimi, uamuzi mgumu zaidi usiku wa siku zile ulikuwa kupunguza.

Ushahidi wa nyumbani upo pia. Katika wodi ya mahututi ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti wa Tanzania na Sweden walijaribu jambo ambalo linaonekana dogo: karatasi ya vipimo vya mgonjwa iliyoonyesha wazi namba ipi ni hatari, na kila namba ya hatari ikawa na hatua yake ya kuchukuliwa pale pale. Matokeo yalichapishwa 2015. Kabla ya hapo namba mbaya ziliandikwa kwa uaminifu, kisha mara nyingi hazikufuatwa na chochote. Baada ya hapo hatua zilichukuliwa mara nyingi zaidi, na wale walioingia na presha iliyoshuka walikufa wachache kuliko mwanzo. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Kilichobadilika ni kwamba aliyeiona namba alijua afanye nini, na alijua hatagombezwa kwa kukifanya.

Hapo kwenye kugombezwa ndipo mjadala huu unapokosewa, kwa maoni yangu. Tunabishana kama muuguzi ana elimu ya kutosha, kana kwamba hofu inayomzuia ni ya mtihani. Hofu yake ni ya asubuhi. Muuguzi anajibu kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, lililo chini ya sheria ya 2010. Daktari anajibu kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Uamuzi waliouchukua pamoja saa nane usiku, likitokea la kutokea, utaulizwa kwenye meza mbili tofauti, kila mmoja akiwa peke yake na maandishi yake. Mwenye maandishi machache ndiye anayeumia. Na amri ya simu, ile ya "mwongezee kidogo, nakuja", haiachi maandishi yoyote isipokuwa yale ya muuguzi mwenyewe.

Ndiyo maana siamini ile mamlaka ya wakati wa janga, inayotolewa kwa mdomo watu wakizidiwa na kunyang'anywa kimyakimya mambo yakitulia. Machi hiyo tulikuwa "nguzo ya wodi". Kufikia Oktoba nilimwona mwenzangu akisimama na faili mkononi akisubiri ruhusa ya kumkalisha mgonjwa kitandani. Muuguzi aliyeonja hali hiyo mara moja, wimbi lijalo hatamgeuza mtu. Atapiga simu mara tatu, ataandika "daktari ametafutwa, hajapatikana", ataandika na saa, na atakuwa amejilinda kikamilifu. Nisingemlaumu.

Daktari naye anahitaji kumwamini mtu, na imani hiyo huchukua muda kujengeka. Jaribio maarufu la kulaza wagonjwa kifudifudi, la Ufaransa na Hispania, lililochapishwa 2013, lilikuwa na wagonjwa 466 wa mashine ya kupumulia. Waliogeuzwa kwa saa 16 au zaidi mfululizo walikufa 16 katika kila 100 ndani ya siku 28. Waliobaki chali walikufa karibu 33. Namba hizo zilizunguka dunia nzima 2020. Kilichozunguka kidogo ni kwamba wodi zote zilizoshiriki zilikuwa na mazoea ya kugeuza wagonjwa kwa zaidi ya miaka mitano. Walijuana mikono: nani anashika kichwa, nani anahesabu. Kwa mgonjwa aliye macho, kama fundi wangu wa mashua, ushahidi ni mdogo zaidi. Jaribio la nchi sita la 2021 lilionyesha kuwa wanaolalia tumbo wachache zaidi walihitaji kuwekewa bomba, bila tofauti kubwa ya wazi katika vifo. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba nilimwokoa. Naweza kusema tu kwamba alipumua vizuri zaidi hadi kulipokucha, na kwamba alitoka hospitali kwa miguu yake wiki mbili baadaye.

Yule daktari tulikuja kukaa naye, jioni moja, kwenye benchi la nje linaloelekea baharini, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Aliniambia jambo ambalo sikulijua: asubuhi ile alikuwa ametoka kumpoteza kijana wa miaka 26 kwenye ile wodi nyingine, na alipolisoma faili langu alichokiona ni mgonjwa wa pili ambaye angeweza kumpoteza bila kuwapo. Nami nikamwambia kwamba mara ya nne nisingepiga simu, ningelia.

Tukaandika karatasi moja. Muuguzi aliyepimwa na kiongozi wa wodi anaruhusiwa kupandisha na kushusha oksijeni ili mgonjwa abaki kati ya namba mbili tulizokubaliana, kumgeuza mgonjwa aliye macho, na kuita msaada kutoka wodi yoyote bila kupitia kwa mtu. Mwenye bomba kooni asigeuzwe bila watu wanne na daktari. Dawa za usingizi zisiguswe mpaka tufundishane. Alitaka tuongeze kwamba kila hatua iandikwe na saa yake. Nilitaka tuongeze kwamba likiharibika, sahihi ya daktari iko chini ya hatua hiyo pamoja na ya muuguzi. Hapo alinyamaza kitambo, akiangalia mashua zinazorudi.

Kisha akaweka sahihi. Chini yake akaandika namba yake ya simu tuliyoizoea, na chini ya hiyo, kwa kalamu nyekundu, namba ya muuguzi kiongozi wa ile wodi nyingine, ambaye angeweza kumgongea kioo.